Anwani Fupi ya Mwenyekiti

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ijumaa anachaguliwa msimamizi wa tovuti ya ushirika wetu wa wakulima wa mpunga. Tuko wawili: mimi na Konsolata. Yeye ana cheti cha kompyuta kutoka Morogoro na akili za kutisha. Zamani anwani za kurasa zetu zilikuwa mkururo wa namba. Kaja yeye, sasa zinasomeka: mchele/idete, mbegu/saro. Kila aina ya ukurasa na kanuni yake ya kuufungua. Safi mno! Inauma.

Lakini mwamuzi ni Mzee Melkiori, mwenyekiti. Ukurasa wake uko viongozi/mwenyekiti/melkiori. Mtu mzima kupangishwa foleni namna hiyo! Nitampa anwani fupi: melkiori tu. Basi.

Jumanne, 10 Juni

Konsolata yuko kijijini Idete, anapiga picha za mavuno. Nimejifungia ofisini Kibaoni. Nimeandika kanuni: neno lolote litakalofuata jina la tovuti lifungue ukurasa wa mwenyekiti, ili hata anayekosea herufi za melkiori asipotee. Nimeiweka juu ya kanuni zote, maana mkubwa hakai nyuma ya mbegu. Mzee kaonyeshwa. Kacheka mpaka kavua miwani kufuta machozi. Nafasi yangu hii!

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Ukifungua mchele, unamwona Mzee Melkiori kavaa suti. Ukifungua mbegu, Mzee Melkiori. Mnunuzi wa Dodoma kapiga simu kuuliza kama mchele umekwisha kabaki mzee. Akina mama wa Idete wana magunia ghalani wakimtegemea mnunuzi huyo.

Konsolata karudi. Hakunisema mbele ya watu. Kaniambia tu, "Kaka Deus, kanuni zinasomwa kuanzia juu. Wa shamba la juu akijifungulia maji yote, majaruba ya chini yanakauka." Kaiandika upya kanuni yangu, ilishike neno melkiori peke yake. Hakuketi hata kwenye kiti. Mchele ukarudi, Mzee akabaki na anwani yake fupi, mnunuzi akaagiza lori. Nilitamani kumpigia makofi. Nikapiga.

Ijumaa, 13 Juni

Kachaguliwa Konsolata. Ni haki yake! Nampenda mtu anayejua kazi, hata akinishinda.

Nimemwandalia zawadi kimyakimya: anwani fupi yenye jina lake. Hata mwenye haraka hatapotea, maana neno lolote atakaloandika litampeleka kwa Konsolata. Kanuni nimeiweka juu kabisa, juu hata ya Mzee. Anayestahili heshima hawekwi nyuma. Atafurahi sana akiwasha kompyuta Jumatatu.