Malalamiko Dhidi ya Mwanafunzi Aliyelipima Teke Langu

Karakana ya Matengenezo,
Kiwanda cha Sabuni.

Kwa Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo,
Chuo cha Sayansi na Uhandisi.

Ndugu Mratibu,

YAH: KUOMBA MWANAFUNZI WENU WA MWAKA WA KWANZA ARUDISHWE CHUONI, NA DAFTARI LAKE LISISOMWE NA MTU YEYOTE

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi, maana ina mambo ambayo si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Mimi ni Fundi Mkuu wa kiwanda hiki, mwaka wa ishirini na sita sasa. Sina kawaida ya kulalamika. Wenzangu watakuambia kwamba hata nilipoangukiwa na gia mguuni, mimi ndiye niliyeiomba gia radhi. Lakini safari hii yamenifika shingoni.

Wiki sita zilizopita mlituletea binti wa mwaka wa kwanza aje kujifunza kazi kwa wiki nane. Alikuja na ovaroli mpya iliyopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni, na daftari la mafunzo lenye kurasa arobaini, ukurasa mmoja kwa kila siku ya kazi. Kila ukurasa una nafasi ya mwanafunzi kuandika alichokiona, na chini yake mstari wa msimamizi kutia sahihi. Msimamizi ni mimi. Siku ya kwanza, kwa kuwa nina shughuli nyingi na kalamu nilikuwa nimeshaishika, nilitia sahihi kurasa zote arobaini kwa mpigo. Usinihukumu bado, Ndugu Mratibu. Wanafunzi wote waliotangulia niliwafanyia hivyo hivyo, nao waliandika "nimesaidia mafundi" mara arobaini, tukaagana vizuri tukipeana mikono.

Huyu wenu aliandika kweli.

Nayaorodhesha makosa yake kwa namba ili asije mtu akasema nina chuki binafsi.

1. Anauliza. Ndani ya saa moja vijana wa karakana walishampachika jina la Kwanini, na jina likamkaa. Aliniuliza kwa nini grisi inawekwa Jumatatu. Nikamjibu kwamba ndivyo inavyowekwa. Akaandika. Akamfuata fundi umeme, mtu mpole ambaye hajaulizwa kitu tangu aajiriwe, akamwuliza kwa nini swichi ya kijani inazima na nyekundu ndiyo inayowasha. Maskini ya Mungu, fundi umeme alikaa juu ya ndoo, akawaza mpaka saa ya chakula, kisha akaja kuniuliza mimi. Tumeishi na swichi hizo miaka kumi na moja kwa amani kabisa.

2. Anasoma kitabu cha mashine. Kila mashine huja na kitabu chake cha maelekezo, na kitabu chetu kilikuwa na kazi maalumu: kilikaa chini ya mguu mmoja wa meza yangu, ule mfupi. Alikichomoa akakisoma, kurasa zote, hata zile za lugha asiyoijua alitazama michoro. Tangu hapo meza ikawa inacheza na chai inamwagika. Nilipomgombeza, alikata kipande cha mbao, akakipiga msasa, akakiweka pale. Sasa meza imetulia kuliko zamani, na hilo nalo limeniudhi.

3. Hakupiga makofi. Hapa inabidi nieleze. Tunayo mashine ya kukata miche ya sabuni, jina lake Mkaidi. Mkaidi hukata vizuri tu, kisha mara mbili au tatu kwa siku husimama na kuanza kuguna. Dawa yake ni teke. Wala si teke la mtu yeyote; Meneja aliwahi kujaribu, akachechemea wiki nzima. Ni teke langu mimi, la mguu wa kulia, upande wa chini kushoto. Nikiitwa, watu hunipisha njia. Napandisha suruali kidogo, napiga moja, Mkaidi anaamka, na akina mama wanaopakia sabuni hupiga makofi. Kwa ajili ya teke hilo siendi likizo bila kuacha namba ya simu. Kwa ajili ya teke hilo naitwa Daktari, na mama watoto wangu naye huitwa mke wa Daktari, na hajawahi kumsahihisha mtu. Sasa binti wenu alilitazama teke langu mwanzo hadi mwisho, halafu akatoa rula ya chuma.

4. Akalipima. Nakiri nilimruhusu; nilidhani ananisifu. Alinipaka chaki kwenye ncha ya kiatu ili aone nilipogonga. Alipima kutoka sakafuni, akapima pembe ya goti, akapima na muda kwa simu yake. Akachora grafu. Ndugu yangu, nina miaka hamsini na minne, chumvi nimekula, lakini sikutarajia kufika umri huu nikalikuta goti langu kwenye grafu. Ukurasa huo alinionyesha mwenyewe, akitaka nihakikishe namba ya kiatu. Ameandika hivi: "Matengenezo ya dharura. Kifaa: kiatu cha kulia cha msimamizi, namba arobaini na tatu. Urefu: sentimita thelathini na mbili kutoka sakafuni. Idadi: moja. Matokeo: mashine imeendelea." Na chini yake, kwa wino wa buluu, sahihi yangu niliyoitia kabla ya teke lenyewe.

5. Amemponya Mkaidi. Wiki ya tano ilipoanza tu, mimi nikiwa kwenye mkutano, Mkaidi alisimama. Badala ya kunisubiri kama watu wenye adabu, binti wenu alizima umeme, akafungua kifuniko cha chini, akakuta bolti moja imelegea, akaikaza kwa spana ya kumi na tatu. Leo ni siku ya tisa Mkaidi hajasimama mwenyewe. Siku ya tisa, Mratibu. Nazunguka pale nakohoa kohoa, mashine inakata tu. Akina mama wananiangalia kwa huruma. Jumanne nilipita karibu nikamgusa Mkaidi kwa teke dogo la salamu, tusisahauliane, akasimama papo hapo. Ilibidi nimwite Kwanini. Akaikaza tena bolti, akaenda kuandika.

6. Ameambukiza kiwanda. Mlinzi wa getini sasa anaandika joto la asubuhi ukutani. Mama mmoja wa kupakia ameniuliza kwa nini maboksi yanapangwa kumi na mawili kwenda juu na si kumi na matano, na nilipomwambia ndivyo yanavyopangwa, alinicheka. Fundi umeme amebadilisha zile swichi zikawa kama vitabu vinavyotaka, na asubuhi hiyo watu wanne walizima mashine walizokusudia kuziwasha, mimi nikiwa wa pili.

Sasa nifike kwenye kiini. Alhamisi mhadhiri wenu anakuja kukagua, daftari litasomwa, na nakala yake humfikia Meneja. Meneja akilisoma atajua kwamba Daktari wake, miaka yote hii, alikuwa anatibu bolti. Hapo sitakuwa Fundi Mkuu tena, nitakuwa mzee mwenye kiatu kikubwa. Naogopa, Ndugu Mratibu, na sioni haya kulisema. Mimi sikusoma chuo. Nilianza hapa kwa kufagia karakana, nikajifunza kwa kutazama na kusikiliza, na hilo jina la Daktari ndilo cheti pekee nilicho nacho.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba kwanza binti huyu ahamishiwe mahali pasipo na mashine. Pili, afelishwe, kwa upole, asiumie. Tatu, daftari lipotee. Nyinyi ni chuo kikubwa chenye makabati mengi, hamtashindwa. Nne, na hili nimelifikiria sana, mwaka wa kwanza ufutwe kabisa katika vyuo vyote vya uhandisi. Wanafunzi waanzie mwaka wa pili, wakiwa wameshachoka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili nimewahi kumpokea: alikaa wiki nane kwenye kivuli cha tanki la maji, hakumsumbua mtu, na nilimpa alama nzuri sana. Mkiona hilo ni gumu, basi futeni fizikia tu, hayo mengine tutavumilia.

Nisalimie wahadhiri wote, mkutubi, na wapishi wa bwalo. Yule aliyemfundisha binti huyu kupima pembe mwambie simchukii, ila asikanyage huku.

Ni mimi, mwenye mguu wa kulia usio na kazi,

Fundi Mkuu.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha niliona heri nijue ni kurasa zipi hasa mzipoteze. Daftari huachwa mezani kwangu, basi mchana huu nimeketi nikalisoma kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa ishirini na mbili ameandika hivi: "Nimepima mateke thelathini na moja ya msimamizi. Yote yamegonga ndani ya sentimita mbili, juu kabisa ya bolti iliyolegea, ambayo kwa nje haionekani. Nilimwuliza alijuaje. Alisema mashine ilikuwa inalalamikia pale. Mimi nilihitaji kitabu, rula na wiki nne kufika mahali ambapo yeye hufika kwa sikio. Nataka kujifunza kusikia hivyo."

Nimeusoma mara tatu. Kisha nimeutia sahihi tena, safari hii nikijua ninachotia sahihi, kwa hiyo ukiona ukurasa huo una sahihi mbili usishangae.

Basi yote niliyoandika hapo juu yafute. Daftari msilipoteze, na Meneja apewe nakala mbili, moja asome na nyingine abandike ukutani. Wiki nane ni chache, naomba mumwongezee nne. Alama nimempa tisini na tisa. Moja nimeizuia kwa sababu leo nilimjaribisha kupiga teke akakosea kwa sentimita kumi na moja. Nitumie pia fomu ya kujiunga na mwaka wa kwanza, ambao tafadhali usifutwe. Kwanini anasema hakuna kikomo cha umri, ila fomu ina sehemu ya kuambatisha vyeti vya elimu ya awali. Naomba kuuliza kama ukurasa wa ishirini na mbili mnaupokea.