Mwizi Wangu Amefungua Shule Uani Kwako

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,
Kituo kinachotazamana na duka la magodoro.

Mheshimiwa,

KUH: GARI LANGU LA KUFUNDISHIA, AMBALO MMELIPATA LAKINI MIMI SIJALIPATA

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kuwa wewe na askari wako mu wazima wa afya, hasa ya miguu, maana habari za miguu yao nitazifikia huko chini. Mimi ni yule mama mfupi mwenye miwani aliyekuja kituoni kwako akilia, akaja tena akicheka, na sasa anakuandikia akiwa halii wala hacheki. Wanafunzi wangu huniita Mama Breki. Jina hilo sikulichagua, ila nimelizoea na hata kwenye kibao nimeliandika.

Kazi yangu ni kufundisha udereva. Shule yangu haina jengo, haina kengele wala ubao. Shule yangu ni gari moja jeupe lenye kibao juu ya paa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine ya upande wangu, ya kuokoa maisha. Gari likiwepo, shule ipo. Gari lisipokuwepo, mimi ni mwanamke anayepiga kelele barabarani bila sababu.

Lilipoibwa nilikimbilia kwako, na askari wako walilipata upesi mno. Nimeelezwa jinsi lilivyopatikana na bado nasifia akili iliyotumika. Mtu aliyekuwa akiliendesha alisimama kwenye kivuko, akamsubiri bibi mmoja avuke na mikoba yake, akawasha ishara, akakata kona bila kumchomekea mtu. Askari wako wakatazamana. Katika mji huu mtu wa namna hiyo lazima ana jambo analificha. Wakamsimamisha, na kweli, alikuwa mwizi. Hongereni sana.

Mimi kwa ujinga wangu nikadhani gari la wizi likishapatikana, mwenyewe hupigiwa simu, huja, hushukuru, hukabidhiwa ufunguo, akaenda zake. Nikavaa gauni langu zuri na viatu vya harusini. Loo! Kumbe kuibiwa ilikuwa sehemu nyepesi. Haya ndiyo yaliyonikuta tangu siku hiyo, nami nayapanga kwa namba yasije yakachanganywa na ya watu wengine.

1. Niliambiwa nithibitishe kuwa gari ni langu. Nikatoa kadi ya gari. Sajenti wa kaunta akasema kadi haitoshi, nitaje alama ambayo mwenye gari tu ndiye anayeijua. Nikamwambia juu ya paa pana kibao chenye jina langu na picha yangu. Akatoka nje, akakitazama kibao, akanitazama mimi, akarudi kukitazama kibao, akasema wa kwenye picha ni mnene zaidi. Mheshimiwa, mtu akiibiwa hukonda. Hilo nililimeza.

2. Nikaambiwa kwamba gari sasa si gari tena, ni kielelezo, na kielelezo hakiguswi mpaka kesi iishe. Kesi yenyewe ikitajwa inaahirishwa, ikiahirishwa inatajwa. Nikaomba basi nichukue angalau mto wangu wa kukalia, kwa sababu mimi bila mto huo nikiwa garini sioni barabara, naona dashibodi. Sajenti akasema, "Mama, hata mto ni kielelezo." Haya. Mimi ni mtu ninayeheshimu sheria, na ndiyo kazi yangu kuifundisha. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikawaambia wanafunzi wangu wavute subira, kielelezo hakiguswi.

3. Kumbe kinaguswa! Ua wa kituo ni mdogo, nacho kielelezo mmekiweka mbele ya gari lako wewe mwenyewe, kwa hiyo kila asubuhi lazima kisogezwe ndipo upate kutoka. Askari wako walijaribu. Klachi ya gari langu inashika juu sana, tena inashika ghafla, na asiyeijua inamrusha. Koplo mmoja mwenye mwili wake aliligongesha kwenye pipa la maji. Mwenzake akalizima, akaliwasha, akalizima, mpaka wakaamua kulisukuma kwa mikono, nalo likawagomea kwa sababu breki ya mkono ilikuwa juu. Wakaona hapo kituoni hakuna anayeliweza isipokuwa mtu mmoja, naye yuko mahabusu. Basi kila asubuhi mtuhumiwa anatolewa ndani, anapewa ufunguo wa gari aliloiba, analisogeza, anarudisha ufunguo, anasema asante, anarudi mahabusu na kuuvuta mlango mwenyewe. Na mimi mwenye gari, mto wangu siruhusiwi kuugusa. Ebo!

Hata hapo ningenyamaza. Mimi si mtu wa kuandika barua kwa sababu ya gari kusogezwa.

4. Ila yule koplo wa pipa aliona haya, akamwomba mtuhumiwa amwonyeshe klachi inavyoachiwa. Mtuhumiwa mmempa jina la Taratibu, na mimi nimeshaanza kumwita hivyo, aibu yangu. Ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kufunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni. Akamwonyesha. Kesho yake wakaja askari wawili, kisha wanne, kisha mpishi wa kituo na mwiko wake mkononi. Sasa kila jioni zamu zikibadilishana, kielelezo kinazunguka mlingoti wa bendera, kinapenya kati ya matairi mabovu yaliyopangwa mistari miwili, kibao changu kikiwa juu ya paa, na mwizi wangu ameketi kwenye kiti changu, juu ya mto wangu, mguu wake karibu na breki yangu.

Hapa naomba niseme kama mtaalamu. Mtu yule hapigi kelele. Nimesimama nje ya uzio nikatega sikio na sijamsikia akipaza sauti hata mara moja. Gari linaelekea ukutani naye anasema tu, "Una muda, ndugu yangu, una muda." Muda gani, jamani? Ukuta una muda, sisi hatuna! Udereva ni mambo ya kufa na kupona, hufundishwa kwa sauti. Mimi nimewafundisha madereva tele wa mji huu kwa sauti yangu hii, na wananiambia wenyewe kwamba bado wanaisikia wakiwa peke yao barabarani. Wengine wanaisikia hadi usingizini. Huo ndio ualimu.

5. Watu wanapita, wanaona kibao changu uani kwako, wanadhani nimehamia huko. Dada wa duka la vitabu, mwanafunzi wangu aliyebakiza kujifunza kupaki tu, alinipigia simu kunipongeza kwa kupata eneo lenye ulinzi. Nilipomweleza ukweli akauliza, kwa adabu zote, kama anaweza kumalizia hukohuko. Eti kwangu alikuwa akielewa, lakini akirudi nyumbani hawezi kugeuza shingo kwa sababu ya kujikaza. Fundi saa, mwanafunzi wangu mwingine, naye amenikimbia. Wanaingia kituoni kwa kisingizio cha kuripoti vitambulisho vilivyopotea. Mheshimiwa, hebu fikiri mwenyewe: inawezekanaje mji mzima upoteze vitambulisho saa kumi na moja jioni?

Mimi sasa nimebaki na mwanafunzi mmoja, na huyo habanduki kwa sababu alishalipa.

6. Sikukaa tu kulalamika, nilitafuta suluhisho. Nilikuja kaunta nikaomba na mimi niwekwe mahabusu, jioni jioni tu, ili nisimamie mafunzo yanayotolewa kwa jina langu. Sajenti akaniuliza kosa langu ni lipi. Nikamwambia achague lolote, mimi sina maneno. Akasema sheria hairuhusu kumweka ndani mtu asiye na kosa. Nikatoka nje nikalipiga teke lile pipa la maji mbele ya macho yake. Akasema pipa hilo limeshazoea. Yaani mwizi ana nafasi ndani ya kituo chako na raia mwema hana pa kuingilia!

7. Hili ndilo lililonitia kalamu mkononi. Ni kuhusu mume wangu.

Mume wangu ni kinyozi. Mkono wake hautetemeki. Anapitisha wembe kwenye shingo ya mtu anayepiga chafya na hamwachii hata alama. Lakini akishika usukani, nami nikiwa pembeni, mikono hiyohiyo inatetemeka mpaka funguo zinalia. Nimemfundisha tangu tukiwa wachumba. Tukaacha. Tukaanza tena kifungua mimba wetu alipozaliwa, tukaacha. Mara ya mwisho alisimamisha gari katikati ya barabara, akashuka, akafunga mlango polepole, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, na nilipofika nikakuta amenichemshia chai. Hatukulizungumza tena. Nilijua hawezi, nikaridhika naye hivyohivyo.

Juzi nikawa nimesimama mahali pangu pa siku zote, penye tundu la uzio, kielelezo kikapita. Nani ameshika usukani? Mume wangu wa ndoa! Na koti lake jeupe la kazini, nywele za wateja bado mabegani. Akazunguka mlingoti. Akaingia kinyumenyume kati ya yale matairi, hakugusa hata moja, akalipanga gari limenyooka kabisa. Kisha akacheka. Mheshimiwa, nimeishi na mtu huyu mpaka watoto wetu wameoa na kuolewa, sijapata kumwona akicheka ndani ya gari langu. Iliniuma, nasema wazi, iliniuma mpaka miwani ikaingia ukungu. Ningemkuta na mwanamke mwingine ningejua pa kuanzia. Jioni ile alirudi nyumbani ananuka petroli, akaniambia amechelewa kwa sababu ya mteja mwenye ndevu ngumu. Nikamwambia pole.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo bila kupunguza hata moja. Gari langu lirudishwe leo hii kabla jua halijazama, pamoja na mto. Taratibu apigwe marufuku kumfundisha mtu yeyote, ndani ya mahabusu au nje. Askari wote walioanza kwake waje kwangu waanze upya, kwa sababu mambo waliyojifunza kwa utulivu namna hiyo hayatawakaa. Na mume wangu, akionekana tena karibu na geti lako, arudishwe kwenye kibanda chake cha kunyolea. Nisipotendewa haki nitakwenda ngazi za juu, na nitakwenda kwa miguu, ili waulize kwa nini.

Nisalimie sajenti wa kaunta, mwambie nimeanza kunenepa, aje alinganishe. Nisalimie koplo na umpe pole ya pipa. Nisalimie mpishi, ambaye nasikia sasa anapanda mwinuko wa getini bila gari kumrudisha nyuma, mwambie nimefurahi lakini sijapendezwa. Wasalimie askari wa zamu zote na mahabusu wote isipokuwa mmoja, na nyumbani kwako usiache kumsalimia mama watoto.

Mimi niliyeibiwa mara mbili, gari kwanza na shule baadaye,

Mama Breki
Mwalimu wa Udereva

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Mume wangu amepita hapa sasa hivi kuchukua mkasi aliousahau. Akasimama mlangoni, akawa anauongelesha mkasi badala yangu, akasema Alhamisi ana mtihani wa leseni. Alitaka nijue akishafaulu, lakini tangu jana chakula hakipiti. Hakusema nani anamfundisha, wala sikumuuliza. Nilimuuliza tu kilichomsumbua mpaka ahangaike hivyo katika umri wake. Akasema aliona, kabla gari halijaibwa, giza likianza kuingia nilikuwa nashuka kwanza kupapasa ukingo wa barabara ndipo nipaki, na kwamba siku macho yangu yakigoma kabisa hataki nipelekwe na mtu mwingine. Kisha akachukua mkasi akaenda kazini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba gari lisirudi kabla ya Ijumaa. Nimesikia sajenti amekubali kielelezo kipelekwe kwenye mtihani chini ya ulinzi, basi usimzuie. Mto usije ukawekwa kwenye kiti cha dereva, mume wangu ni mrefu, kichwa kitagonga paa. Na umwambie Taratibu kwamba mtu wangu husahau kioo cha kushoto akifurahi, nimemwona mwenyewe kutoka kwenye uzio. Amkumbushe, lakini amkumbushe kwa ile sauti yake. Wala asijue kuwa ni mimi niliyesema.