Kuhusu Mkazo wa Kiitaliano Kuvuruga Kinu Chetu

Kwa Mwalimu Cliff,
Darasa la Jioni la Kiitaliano, Malindi.

Shikamoo Mwalimu. Ni mimi Abigael wa Dabaso, yule wa kiti cha nyuma mwenye mtoto mgongoni. Ijumaa ni mtihani wa kusema, na nikifaulu hoteli itanichukua mapokezi. Kazi hiyo naiota hata mchana. Lakini nina malalamiko.

1. Ulituagiza tukate neno kwa silabi, kila silabi pigo moja, penye mkazo pigo zito. Kwetu hakuna cha kupiga ila kinu, nacho natwanga kwa kupokezana na mavyaa, mamake mume wangu. "Po-mo-DO-ro", yaani nyanya, ilitwangika vizuri, maana mkazo uko pale pale tunapouweka sisi, silabi ya pili kutoka mwisho. Unga ulitoka laini!

2. Kisha ukatuletea meza yao, "TA-vo-la". Pigo zito likaja mwanzo, mavyaa hajajiandaa, michi ikagongana. Akasema, "We mwanamke, watwanga ama wapigana?"

3. "Cit-TÀ", yaani mji, mkazo mwisho kabisa. Mchi ulinitoka ukamkosakosa kuku aliyekuwa akiatamia. Kuku kahamia kwa jirani, mayai yako kwetu, na sasa ni zamu yangu kuyafunika kanga.

4. "Mam-ma". Herufi mbili zimezaliwa pamoja, nawe wataka moja ibaki huku, nyingine iende kule. Mwalimu, mimi ni mzazi. Kutenganisha mapacha siwezi.

Mavyaa amesema nichague, kinu au Kiitaliano.

Kwa hivyo naomba uwaandikie wakuu wa Italia, mikazo yote ihamie silabi ya pili kutoka mwisho kabla ya Ijumaa. Ni watu waungwana, wengine wamezeekea hapa hapa kwetu, hawatakataa jambo dogo hili. Mapacha nao warudishwe pamoja. Ikishindikana, nifute darasani, ingawa nitalia sana.

Nisalimie darasa zima, na Bridgit anayenishikia kiti.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Abigael

Tanbihi: Jioni hii tulijaribu "ta-VO-la", kama ninavyoomba hapo juu. Mwanangu Pola, mgongoni, alilia hadi majirani wakaja. Mavyaa akapiga kelele, "Hebu rudisha lile zito mwanzo!" Tukarudisha. Mtoto akacheka, akacheka, akalala. Tafadhali Waitaliano usiwaandikie. Mavyaa anauliza kama mlango wa darasa unapitisha kinu.