Matundu Kumi ya Shule Yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Naibu wangu, waheshimiwa wake za waheshimiwa, Mwalimu Mkuu, wazazi, wanafunzi mliosimama na mliokosa pa kusimama, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba Mwalimu Mkuu, mama mvumilivu sana, alikuja ofisini kwangu kuomba matundu kumi ya vyoo, akieleza kwamba watoto wanajibana tangu kengele ya asubuhi na wasichana wakubwa wameanza kubaki nyumbani. Niliguswa, nikasaini palepale. Kwa bahati mbaya, katika mchakato wa kuoanisha vipaumbele na ukomo wa bajeti, maneno "ya vyoo" hayakuenea kwenye jedwali, yakaondolewa, yakabaki "matundu kumi". (Minong'ono.)

Sasa, tundu ni nini? Niliunda kamati ya wataalamu, ikajifungia hotelini kufanya upembuzi yakinifu, ikabaini kwamba tundu ni makao ya panya, ni kizimba cha kuku, ni mahali pa kupitisha kifungo, uzi au pumzi, na kwamba hata mtoto asiyetulia huitwa mtundu, ingawa wajumbe walitofautiana kama naye ahesabiwe. (Wazazi wanawatazama wanao.) Kamati ikaja hapa, ikainua macho darasa la tatu, ikahesabu paani matundu thelathini na moja, ikashuka ukutani, ikapata mengine saba, yote yana panya ndani, yaani yanatumika ipasavyo. Utekelezaji umefikia asilimia mia tatu na themanini! (Makofi, meza kuu.)

Nilipompa habari hizi njema, Mwalimu Mkuu hakushangilia. Alivua miwani, akaniambia taratibu, "Mheshimiwa, mtoto wa darasa la pili jana alijikojolea mbele ya wenzake. Leo hakuja. Nimwambie mama yake nini?" Nikamshauri kitaalamu amwambie kuwa mradi umevuka lengo.

(Mwanamke mmoja anasimama nyuma.)

Mama, keti, maswali hayamo kwenye ratiba. Unasema ni mwanao? Hongera sana, huyo ni mnufaika wetu. (Mama haketi. Jirani zake wanasimama, kisha safu yote, kisha uwanja mzima.) Naona mmesimama wote kwa heshima yangu. Nimefarijika mno.

Tundu kwa kila mtoto! Mtoto kwa kila tundu! (Naibu peke yake: "Hoyee.")

Nawashukuru wafadhili, kamati, na hoteli. Kwa namna ya pekee namshukuru kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyeniazima ufunguo wa choo chake kabla sijapanda jukwaani, maana hapa, kama mjuavyo, hakuna choo na hakijawahi kujengwa. Hotuba imekuwa ndefu kidogo. Kinyozi, uko wapi? Naomba tena ule ufunguo.

(Ufunguo anao Mwalimu Mkuu. Watoto wamepanga foleni kuanzia mlangoni kwa kinyozi hadi getini. Mheshimiwa anaoneshwa mwisho wake.)