Saa Nane ya Reli

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Barua imefika. Nimeisoma mara nne peke yangu, mara ya tano nikamsomea shangazi Dorotea kwa sauti, ili na majirani wafaidike. Naitwa kwenye usaili wa mafunzo ya udereva wa treni, stesheni ya Mwanza, Alhamisi tarehe 9, saa 8.00. Dereva wa treni! Watu wa mtaa wetu wa Kirumba wanaodhani kazi yangu ni kupiga soga watanisikia nikipita na honi.

Shangazi hakupiga vigelegele. Amesema nimekaa kwake miaka miwili, kila wiki nina mpango mpya, na kila mpango unaishia kwenye sufuria yake. Akanikumbusha kile kiwanda cha minofu ya samaki kilichoniachisha kazi siku ya tatu kwa sababu nilimshauri meneja namna ya kukiendesha. Nikikosa hii ya treni, Jumamosi ananipandisha meli kwenda kisiwani, Nansio, kwa baba mdogo Ngosha nikalime mihogo. Tiketi atakata yeye mwenyewe. Baba mdogo Ngosha huamka kabla ya jogoo, na anaamini kila mtu kaumbwa hivyo. Siwezi kwenda Nansio.

Tatizo lingine ni Nestory. Anapanga chumba cha jirani, anatengeneza baiskeli karibu na uwanja wa mpira. Naye kapata barua ileile. Ni mpole, hasemi uongo, na ukimweleza jambo anasikiliza mpaka mwisho. Watu wa namna hiyo ni hatari sana kwenye usaili.

Jioni kaja na barua yake mkononi. Kaniuliza hiyo saa 8.00 ni saa nane yetu sisi, au ni ile ya Kizungu, yaani saa mbili asubuhi. Hapo akili yangu ikawaka. Kila aliyesoma anajua kuwa reli ililetwa na Wazungu, na saa zake ni za Kizungu. Ni saa mbili asubuhi, haina mjadala. Nikamtazama machoni, nikamwambia ni saa nane mchana, kwani barua si imeandikwa kwa Kiswahili? Akanishukuru. Akasema nimpe shati langu, atalinyoosha pamoja na lake, maana ana pasi ya mkaa. Nikahisi kitu kinanichoma kifuani. Nadhani dagaa wa leo walizidi pilipili.

Jumanne, 7 Septemba

Nimepata siri. Muuza magazeti wa pale stesheni anasema kuna kipimo cha macho. Daktari anakuonyesha nyuzi za rangi, unazitaja. Wengine watasema nyekundu, kijani, basi. Mimi nitamwaga rangi mpaka daktari aombe maji.

Nikaenda mjini kwenye duka la vitambaa la Bachubai. Mama huyu wa Kihindi yupo kwenye kaunta ile tangu shangazi yangu akiwa msichana. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamdanganya kuwa shangazi ana harusi, anataka kujua rangi zote zilizopo dukani. Bachubai akasema miguu inamsumbua, nishushe majora mwenyewe. Nikashusha majora yote. Akanitajia moja moja: samawati, urujuani, hudhurungi, zambarau, damu ya mzee. Tulipomaliza akasema sasa niyafute vumbi na kuyarudisha, ila yale ya juu yawe chini na ya chini yawe juu, kama alivyokuwa akimwambia mwanawe Mukesh tangu Pasaka.

Nimetoka na rangi kumi na tisa kichwani na mgongo hauinuki. Mama wa watu hakushtukia hata kidogo kwamba nimemtumia.

Jumatano, 8 Septemba

Nestory kaazima kwa mtu kitabu cha kanuni za reli, akanikaribisha tusome pamoja. Nimekataa. Kitabu kinamchosha mtu macho, na kesho kuna kipimo cha macho.

Badala yake nimekwenda kwenye mitumba nikapata kofia. Nyeusi, ina ukingo wa mbele na nembo ya shaba yenye maneno ya Ulaya. Yawezekana aliyekuwa nayo huko alikuwa dereva wa treni, yawezekana alikuwa anauza aiskrimu. Kichwani inakaa vizuri. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha shangazi: kiwiko dirishani, jicho moja limefumba kidogo, uso wa mtu aliyezoea kuona mbali. Shangazi kapita na ungo wa dagaa, akauliza kama jino linauma.

Shati limerudi kutoka kwa Nestory. Limenyooka hata kunywea chai ndani yake naogopa. Kesho natoka alfajiri, kabla hajafungua mlango.

Alhamisi, 9 Septemba

Siku ndefu. Naandika nimelala kifudifudi.

Saa moja na nusu nilikuwa nimeshafika stesheni. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye barua. Nikafurahi, nikajiona mshindi. Saa mbili kamili nikamwamkia mlinzi wa getini, nikamwonyesha barua. Akasema usaili ni saa nane. Nikamweleza taratibu kwamba reli ina saa zake za Kizungu. Naye akanieleza, bila utaratibu wowote, kwamba reli ikitaka Kizungu huanza na sifuri, 08.00, na kwamba barua ile kaiandika Bwana Shimba, mkubwa wa usaili, kwa Kiswahili, kwa ajili ya Waswahili. Tukabishana kama robo saa hivi. Akanishinda.

Kwa hiyo nilikuwa nimemdanganya Nestory ukweli.

Kurudi nyumbani nisingeweza. Ningemkuta mlangoni akipiga viatu rangi, na angeniuliza nimetoka wapi na shati la usaili. Nikabaki. Jua likapanda. Nikanunua kipande cha sangara wa kukaanga, mafuta yakanidondokea kwenye suruali. Saa nne hivi nikaona behewa la mizigo kwenye njia ya pembeni, mlango wazi, ndani kivuli na magunia matupu. Nikasema nijinyooshe dakika kumi tu. Kofia nikaifanya mto.

Nilichokuja kushtukia ni mbingu inatembea mlangoni. Mimi, dereva mtarajiwa, nimesombwa na treni pamoja na magunia. Behewa lilipokuja kusimama tulikuwa stesheni ya Mwanza Kusini. Nikaruka, nikamuuliza mbeba mizigo saa ngapi, akasema saa nane kasoro dakika tano. Nimekimbia njia nzima. Kofia imebaki ndani ya behewa.

Nimeingia stesheni saa nane na nusu, nywele zimejaa nyuzi za pamba. Nikajua wameshafunga mlango. Hawakuufunga. Walikuwa wameanza na wengine, na jina langu liliposomwa Nestory akasimama akawaomba waniweke wa mwisho, ndugu yake hawezi kukosa siku kama hii, lazima kapatwa na jambo. Sikujua niangalie wapi.

Bwana Shimba ni mtu mnene mwenye sauti ndogo. Akaniambia Nestory amewaeleza kwamba vijana wengi walitatanishwa na ile saa, lakini mimi ndiye niliyemhakikishia ni saa nane. Akanipongeza. Kisha akauliza: ikiwa nilijua ni saa nane, mbona mlinzi anasema nilikuwa getini saa mbili nikibishana kwamba ni saa mbili? Na ikiwa nilikuwa getini tangu saa mbili, mbona saa nane sikuwepo?

Nikapiga hesabu haraka. Nikisema kweli, mimi ni mwongo. Nikisema uongo, mimi ni mjinga. Nikatafuta njia ya katikati, nikasema niliwahi makusudi ili nikague njia. Akafurahi, akainama mbele, akauliza nimeona nini. Nikasema njia kutoka hapa mpaka Mwanza Kusini ni nzuri, ila behewa linaruka sana kwenye makutano, hasa ukiwa umelala. Akaandika kitu kirefu kwenye karatasi.

Swali lililofuata: treni inaondoka 13.00, abiria utamwambia saa ngapi? Huo nikauona ni mtego. Asubuhi mlinzi kanifundisha kwamba hapa wanafuata Kiswahili, na Kiswahili hakina saa kumi na tatu. Nikamjibu kwamba treni hiyo haipo.

Nikabakiza tumaini kwa daktari wa macho. Akatandika nyuzi mezani, akainua ya kwanza. Nikasema damu ya mzee. Akasema niitazame tena, akaniuliza je, si nyekundu? Nikamwambia kwa jicho ambalo halikusoma, ndiyo, ni nyekundu. Bwana Shimba aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza kama treni ikikutana na taa ya damu ya mzee, itasimama au itapita. Nikafikiri. Nikasema itapunguza mwendo kwa heshima.

Wote wawili wakatoka nje kidogo. Niliwasikia wakikohoa kwa muda mrefu.

Ijumaa, 10 Septemba

Matokeo yamebandikwa stesheni. Majina matatu. La kwanza Nestory. Anakwenda Tabora chuoni, anaondoka Jumapili.

Chini kabisa kulikuwa na maandishi ya kalamu: Ndalahwa aonane na mlinzi. Ndalahwa ni mimi. Nikasema wameona kipaji, wananitafutia nafasi ya pekee. Mlinzi akanipa kofia yangu, akasema nikionekana tena ndani ya behewa nitaandikiwa kama mzigo.

Nestory alinikuta nje. Hakucheka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hatanisahau. Kumbe mafundi wenzake wote walimwambia ni saa mbili, ya Kizungu, na alikuwa ameshaamua kwenda saa mbili. Ila alipofikiria kwamba mimi nimemtazama machoni na kumwambia saa nane, akaona siwezi kumdanganya. Kwa hiyo alilala, akanywa uji, akapitia kitabu chake tena, akaja akiwa na akili iliyotulia. Anasema kazi hii kapewa na mimi.

Kifua kikaniwaka tena. Leo dagaa hawakuwa na pilipili hata punje.

Shangazi ameshakata tiketi. Kaiweka juu ya meza na kuikandamiza kwa kikombe. Meli ya Nansio, kesho, saa 3.00.

Jumamosi, 11 Septemba

Shangazi kapeleka sanduku langu melini mapema, pamoja na gunia la chumvi la baba mdogo, kwa mkokoteni, kisha akaenda zake sokoni Mwaloni kwenye dagaa. Kaniagiza nifuate.

Nilikuwa nakunywa chai taratibu, Nestory akagonga. Kaniambia niharakishe, saa tatu inakaribia, meli haimngoji mtu. Nikamtazama. Kwa nini ananiharakisha? Nikajiuliza mimi ningekuwa yeye ningefanya nini. Jibu likaja mara moja: ningenidanganya saa. Kumbe amegundua! Amegundua na sasa analipiza, kwa upole wake uleule.

Nikaitoa tiketi nikaisoma kwa makini. Juzi nilipata somo kwa jasho, na somo haliozi. Mlinzi alisema penye sifuri pana Mzungu. Saa 3.00. Nikazihesabu: sifuri mbili. Basi ni Kizungu, tena Kizungu cha uhakika. Saa tisa alasiri. Nikamshukuru Nestory kwa tabasamu la mtu anayejua, nikarudi kulala.

Saa nane na nusu nilifika gatini. Palikuwa na korongo wawili na mzee anafagia. Nikamuuliza meli ya Nansio imechelewa? Akasema haijachelewa kamwe, iliondoka saa tatu asubuhi, na huko Nansio ilishafika kitambo.

Jumapili, 12 Septemba

Shangazi hajanisemesha tangu jana. Mchana akaja mtu wa melini na salamu za baba mdogo Ngosha. Kapokea chumvi. Kapokea sanduku. Anasema sanduku limekaa kimya, halibishani, halili, na kwa kweli ametosheka nalo, mwenyewe nisisumbuke kuja. Shangazi alijizuia, akajizuia, mwisho akacheka mpaka akaketi chini. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi nitafute kazi. Kwa hiyo mpango wangu umefaulu. Nilisema siendi Nansio, na sijaenda.

Jioni nikamsindikiza Nestory kwenye treni. Kaniachia pasi yake ya mkaa, eti niitumie kwa usaili unaofuata. Nilitaka kumwambia jambo moja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, injini ikapiga honi. Akapunga mkono dirishani mpaka kwenye kona. Nitammisi, nasema kweli, na hii si ya kumwambia mtu.

Wakati wa kurudi nikapita bandarini. Kuna tangazo jipya ubaoni: wanatakiwa vijana wa kujifunza kazi ya ubaharia. Usaili ni Jumanne, saa 4.00. Baharia! Kofia ninayo tayari. Kando yangu alikuwa anasoma dada mmoja, Winnie, ana vyeti kwenye bahasha na mwandiko ulionyooka kama reli. Hatari tupu. Akaniuliza kama hiyo ni saa nne asubuhi au saa kumi jioni. Nikazihesabu sifuri kimoyomoyo. Mbili: Kizungu tena.

Nikamtazama machoni, nikamwambia ni saa nne asubuhi. Akanishukuru sana. Jumanne nitalala mpaka saa sita.