Kamati ya Usalama wa Mpini

Wananchi wa Kaunti ya Tamarack, Montana, mlio hai na mnaokusudia kuendelea hivyo, mnatangaziwa: Kamati ya Usalama wa Mpini imeundwa. Mwenyekiti ni Mheshimiwa Lyle Brandvold. Wajumbe ni Mheshimiwa Lyle Brandvold na kofia yake.

Chanzo ni bunduki ya Bi Dorcas Teague, ya mwaka 1874: mitutu kumi, magurudumu mawili, na mpini unaozungushwa kama wa mashine ya kusagia nyama. Marehemu mumewe aliinunua kwa ng'ombe kumi na wanne na hakujuta hata siku moja. Kila tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, Bi Dorcas huizungusha kwenye gwaride, ikilipua baruti tupu. Watoto hushangilia, mbwa huhama mji.

Kwa miaka sita Mheshimiwa alitamani ipambe ukumbi wa ofisi yake. Kuiba ni aibu. Kwa hiyo akatunga kanuni.

"Mkono wa binadamu ni hatari," alitangaza, akiwa amesimama uani kwa Bi Dorcas. "Kuanzia leo raia hagusi mpini. Atakayegusa, bunduki yake itahifadhiwa na kaunti."

"Ukumbini kwako?"

"Kaunti itaamua, mama."

"Na gwarideni nitazungusha kwa kitu gani, Lyle? Kwa pua?"

Mheshimiwa alikuwa amejiandaa. Aling'oa mpini, akafunga mota ya umeme kwa mikono yake mwenyewe, kisha akagongomea kibati: MOTA IMEFUNGWA KWA AMRI YA L. BRANDVOLD.

Bi Dorcas alikodoa macho. "Wee Lyle! Toa hicho kidude. Mkusanyaji yeyote wa bunduki za kale atakwambia sheria ya..."

"Mama, hapa sheria ni mimi."

"Haya, baba. Basi niandikie kwamba nimekuonya."

Akamwandikia. Nakala tatu, zenye mihuri.

Siku ya gwaride Mheshimiwa alibonyeza kitufe yeye mwenyewe. Loo! Bunduki ilinguruma mfululizo hadi mpiga tarumbeta akaingia ndani ya ngoma, na kofia ya Mwenyekiti, yaani nusu ya Kamati, ikapeperuka na haijaonekana tena.

Moshi ulipotulia, mgeni mmoja aliweka chini sahani yake ya pai ya tufaha, akalamba vidole na kutoa kitambulisho. Alitoka serikali kuu, idara ya silaha.

"Mota hii ya nani?"

"Yangu!" Mheshimiwa alitunisha kifua. "Soma kibati!"

"Nimesoma. Ikizungushwa kwa mkono, hii ni kitu cha kale, haina neno. Ikifungwa mota, ni rashasha. Kibali kiko wapi?"

Mheshimiwa alimgeukia Bi Dorcas kwa sauti laini kama siagi. "Mama... si ungenionya?"

Bi Dorcas akafungua mkoba. Nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mgeni akaing'oa mota iwe ushahidi. Bi Dorcas akarudisha mpini, akatemea viganja vyake, akazungusha. Umati ukapiga vigelegele huku Mheshimiwa akivalishwa pingu.

Ripoti ya Kamati imethibitishwa basi: mkono wa binadamu ni hatari, hasa ukishika kalamu.