Pampu Yangu na Unga wa Pai

Jumatatu, 3 Juni

“Pampu mpya ya oili haifunguliwi. Itoe kwenye boksi, ifunge kwenye injini, washa, nenda zako.” Hivyo ndivyo alivyoandika Orrin Haverkamp katika jarida la klabu yetu ya mbio za magari, mbele ya macho ya watu wenye akili.

Upuuzi mtupu! Pampu ndiyo moyo wa injini. Nani anapandikizwa moyo uliotoka kiwandani Ijumaa jioni bila mtu kuuchungulia ndani? Nimesoma historia ya Roma mara mbili. Hata Warumi walikagua mifereji yao kabla ya kufungulia maji.

Nilimkuta mkahawani, anakula sandwichi ya nyama ya nguruwe pana kuliko sahani. Nikamwambia hadharani kwamba yeye ni hatari kwa injini zote za jimbo letu la Iowa. Akajibu huku anatafuna: “Verlin, bwana, gari lako lingekimbia kama mdomo wako, tusingeona hata vumbi.” Mkahawa mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

Tumewekeana dau. Jumamosi, mizunguko ishirini. Injini yangu mpya ikimaliza, Orrin ataniomba radhi jaridani. Ikishindwa, namwachia ukurasa wa pili wa jarida, ukurasa wangu, nilioushika miaka kumi na tisa. Tukapeana mikono. Wake ulikuwa na haradali.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua pampu. Ndani, kando ya gia: chembe ya chuma, nyembamba kama unyusi! Nilipiga kelele za furaha hadi mke wangu, Maribeth, akaja mbio akidhani nimejikata kidole. Chembe nimeitia kwenye chupa ya jamu. Nimeandika juu yake: USHAHIDI.

Kifuniko cha pampu hakijanyooka. Dawa yake ni kukisugua kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo. Na kioo kilichonyooka kuliko vyote nyumbani kilikuwa mbele ya picha ya mama mkwe. Nikakiazima. Maribeth akauliza, kwa upole wa kutisha, mama yake anafanya nini juu ya mashine ya kufulia bila kioo. Nikasema anapunga upepo.

Jumatano, 5 Juni

Nimelainisha kingo za tundu la kutokea oili kwa tupa ndogo. Nimeosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Mara tatu!

Kupima nafasi kati ya gia na kifuniko nimemwachia Maribeth. Alifanya kazi kwa daktari wa meno miaka ishirini, mkono wake hautetemeki. Akasema nafasi ni sawa kabisa. Kisha akashauri niandike orodha ya kazi, kila ninapomaliza moja niweke alama. Nikamwambia orodha ni za watu kama Orrin. Akasema: “Haya, mume wangu. Ila daktari wangu naye hakupenda orodha, akamfungia mtu pamba ndani ya jino.”

Wivu wa kitaaluma.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ni leo. Pampu ina mdomo wa kufyonzea oili, wenye wavu. Mdomo ukigusa sakafu ya sampo, lile beseni la oili chini ya injini, haufyonzi. Ukikaa mbali, unafyonza hewa. Kila fundi anajua kipimo chake: unabandika udongo wa kuchezea mdomoni, unaweka sampo, unaitoa, unapima unene wa udongo uliobanwa.

Sikuwa na udongo. Lakini Maribeth alikuwa amekanda unga wa pai ya stroberi. Nikachota vidonge viwili. Nikabandika kimoja kila upande, nikaweka sampo, nikatoa. Kidonge cha kwanza: karibu theluthi ya inchi. Barabara! Sikuweza kuvumilia. Nikakimbilia simu, nikamsomea Orrin kipimo mara mbili. Akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Nikarudi nimefura kwa fahari, nikafunga sampo, nikakaza kila boliti kwa jina lake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwalika Orrin ashuhudie. Kabla ya kuwasha injini mpya unaizungusha pampu kwa drili, oili ifike kila mahali. Nikazungusha. Mshale wa kipimo cha presha ukapanda. Oili ikachomoza kwenye roka zote kumi na sita, vile vyuma vya juu vinavyofungua vali, kama chemchemi! Orrin akavua kofia. Akasema, “Safi, mzee.” Nimeanza kutunga radhi yake, asije akakosea.

Jumamosi, 8 Juni

Mzunguko wa tano, nilikuwa wa tatu. Wa tisa, wa pili! Maribeth akipunga kitambaa. Wa kumi na nne, harufu tamu. Watu kwenye uzio wananyoosha pua. Wa kumi na saba, mshale wa presha ukaanguka. Nikazima injini papo hapo, nikaserereka hadi ukingo wa shamba la mahindi. Orrin akapita, akapiga honi.

Tukafungua sampo mbele ya klabu nzima. Wavu umejaa makombo ya kahawia: kile kidonge cha pili, kimeiva. Maribeth akanusa. “Nilijua pai yangu ina pengo,” akasema, akacheka hadi akakaa chini kwenye nyasi. Klabu nzima ikakaa naye.

Orrin akatoa mfukoni vipimo vyake vya nafasi, vimelika kwa kutumika, akaikagua pampu yangu kwa ustadi. Haina mkwaruzo! Nikamuuliza amejifunzia wapi mtu asiyefungua pampu. “Nafungua kila moja, bwana. Niliandika vile tu nisome utakavyofoka.”

Alisema nibaki na ukurasa. Nikakataa, neno langu ni neno. Tukala pai yenye pengo.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari kwa kina. Pampu haina kosa. Mimi sina kosa. Udongo haumeguki hivyo. Kosa ni siagi. Ukurasa nimeuachia, lakini hakuna aliyenikataza kuandika barua ya msomaji. Inaondoka kesho:

“Ninyi wapishi wote wa pai wa kaunti hii, na hasa wewe Maribeth: punguzeni siagi! Mbio zijazo ni tarehe 22, na injini yangu inawategemea.”